Somo la baada ya adhuhuri

Leo nimebeba jeneza bila kujua ndani yumo nani.

Nilikuwa naongozana na mgeni wangu kwa farasi kutoka Malindi hadi Mambrui. Alitaka somo la kumwendesha farasi kwa madaha, kama wa mashindano. Huku anayelijua ni Mwalimu Salimu, aliyenifundisha mimi.

Jana alinambia kwa simu, "Njooni baada ya adhuhuri, mwanangu. Msichelewe."

Karibu na msikiti tukakuta watu wanatoka na jeneza. Nikashuka, nikamwachia mgeni hatamu, nikatia bega kama ilivyo ada yetu.

"Ni nani, ndugu yangu?" nikamnong'oneza wa mbele.

"Mwalimu Salimu wa farasi. Alianguka alfajiri, hakuinuka tena."

Niliporudi, mgeni akauliza, "Kwa mwalimu bado mbali?"

Nikamwambia tumefika.

Jamani, nyinyi mngemjibuje?