Mfupa Uliovunjwa Uani

Kazi iliyonileta Stockholm ni kuchunguza meno ya mbwa ambao hawapo tena duniani. Waliishi Amerika ya Kaskazini mamilioni ya miaka iliyopita, wadogo kama mbweha, na ukoo wao unajulikana kwa kuvunja mifupa. Kama hawa wadogo nao waliivunja kweli, au waliishi kwa kula panya na matunda tu, ndilo swali nililopewa. Mchana kutwa nilikuwa kwenye hadubini, kisha napanda treni kurudi nilikopanga chumba, Flemingsberg, bila kuongea na mtu.

Alasiri moja ya majira ya baridi, giza limeshaingia, mbwa alilala karibu na miguu yangu ndani ya treni, amevishwa viatu kwa ajili ya theluji. Nikamuuliza bibi mwenye mbwa huyo, kwa Kiswidi changu cha kuungaunga, kama huwa anampa mifupa.

“Hapana,” akasema yule bibi kwa upole. “Tumbo lake haliwezi.”

Nilipofika chumbani nikampigia mama yangu, aliye nyumbani Voi.

“Mama, yule mbwa wetu bado yupo?”

“Yupo, amezeeka tu. Kwani vipi?”

“Leo mna nyama?”

“Mwanangu, uko mzima?”

Nikamweleza kwamba nataka kusikia mbwa akivunja mfupa. Habari za mbwa wa kale hazikumwingia sana, lakini alichukua mfupa wa mbuzi jikoni, akatoka nao uani, akampa mbwa, akainama na simu karibu na mdomo wake.

Nikausikia ukipasuka, kisha ukisagwa polepole. Nilikuwa nimetaka sauti ya meno tu. Lakini nyuma ya sauti hiyo kulikuwa na kuku wakigombania pa kulala, kifuniko cha sufuria kikigonga, jirani akimwita mtoto akaoge, na pumzi za mama yangu, ambaye magoti hayamruhusu tena kuinama hivyo. Nikaishika simu kwa mikono miwili.

“Umesikia?”

“Nimesikia.”

“Itakusaidia kwenye masomo?”

“Itanisaidia, Mama.”

Nadhani sauti yangu ilimtia wasiwasi, maana hakuaga. Nikamsikia akivuta kigoda.

“Sisi tunasonga sima, na mchicha wa nazi. Wewe umekula?”

“Bado.”

“Basi pika. Nakungoja hapa hapa.”

Nikaiegemeza simu ukutani, nikaanza kumenya kitunguu. Hatukuongea mengi. Alikohoa, akamfukuza kuku, akaniuliza kama nimetia chumvi, na tukakaa hivyo mpaka wali wangu ukaiva.