Ukurasa Uliokatazwa Kusema Sijui

Mdogo wangu ni mwoga. Nalisema mapema msije mkadhani nawaletea habari za jasiri. Anaogopa mende, anaogopa radi, anaogopa simu ikilia alfajiri. Tulipokuwa wadogo alikuwa haendi uani peke yake hata mchana wa jua kali, mpaka nimsindikize, na njia nzima amening'ang'ania gauni. Mama akambandika jina la Kunguru, kwa ule msemo kwamba kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake. Jina likamganda. Leo ni mke wa mtu na bado ni Kunguru, hata mumewe humwita hivyo.

Mimi ni fundi cherehani. Sebule yetu ni moja: meza yangu iko dirishani, yake iko ukutani. Mimi nashona nguo, yeye anaandika programu za mtandao. Si zile kurasa za kusoma tu kama gazeti. Hizi zake unabonyeza zinakujibu, namba zinabadilika zenyewe mbele ya macho yako, na ukurasa mmoja unaweza kukaa wazi kutwa nzima ukifanya kazi. Ni kazi nzuri, sikatai. Lakini jamani, kukaa naye chumba kimoja ni mtihani, kwa sababu anaandika huku anaogopa, na hofu yake lazima aitoe kwa mdomo.

"Dada, mtu akikibonyeza hiki kitufe mara mbili?"

"Abonyeze mara mbili ana wazimu?"

"Ameona kimya. Watu wakiona kimya wanabonyeza tena."

Basi atakaa pale mpaka akifanye kile kitufe kijifunge chenyewe kikishabonyezwa, kisifunguke mpaka jibu lirudi. Dakika mbili nyingine utamsikia, "Na mtandao ukikatika katikati?" Simu yangu yenye kioo kilichopasuka, ambayo hata mwizi ataikataa, yeye anaipenda kama mtoto. Hakabidhi kazi kabla hajaifungua kwenye simu hiyo, tena anakwenda nayo bafuni, kwenye kona ambayo mtandao unakufa kabisa. Mimi nikitaka kuoga nangoja nje na taulo begani mpaka mheshimiwa amalize kuogopa.

Vijana wanaoanza kazi hiyo humpigia kuomba ushauri. Nimewasikia mpaka nimekariri. Usiandike "imehifadhiwa" kabla seva, ile kompyuta ya mbali inayotunza kila kitu, haijakujibu kwamba kweli imehifadhi. Alichoandika mtu usikiamini, kikague tena upande wa seva hata kama umeshakikagua huku. Badilisha kitu kimoja kimoja, maana ukigusa vitatu kwa mpigo na mambo yakaharibika, hujui umlaumu nani. Vitu vya majaribio vifute kabla ya kukabidhi kazi. Halafu lile analolirudia kama sala: ukurasa usipojua, useme sijui.

"Unawatisha watoto wa watu," nilimwambia siku moja.

"Afadhali waogope wao kuliko wanaokuja kuutumia."

Sasa Mungu naye ana utani wake. Katika wanaume wote wa dunia hii, akampa Kunguru mume anayetoboa miamba. Shemeji yangu anafanya kazi kwenye machimbo ya mawe nje ya mji. Anashuka shimoni na mashine yake, anatoboa matundu kwenye mwamba, fundi baruti anayajaza, watu wanapanda juu, kisha mwamba unalipuliwa. Mchana wa kulipua mdogo wangu alikuwa halimezi tonge lake vizuri.

Zamani kabla ya kulipua, fundi baruti alikuwa anauzunguka ukingo wote wa shimo kwa miguu, anapuliza filimbi na kuita. Mwendo mrefu, jua kichwani, naye mwenyewe si kijana. Meneja wa machimbo akaona hiyo ni kupoteza muda, akamwagiza mdogo wangu amtengenezee ukurasa. Kila anayeshuka anagusisha kadi yake getini, akipanda anagusisha tena. Kibandani kwa fundi baruti, upande wa pili wa shimo, kuna kompyuta inayoonyesha namba moja kubwa: watu waliomo shimoni, na majina yao chini yake. Wakiwemo, nyekundu. Ikiwa sifuri, kijani. Kijani ndiyo ruhusa.

Kunguru akaongeza rangi yake ya tatu. Ukurasa ukikaa kidogo bila kusikia ishara ya uhai kutoka kwenye kidude cha kusomea kadi pale getini, uligeuka njano, ile namba ikapotea, likabaki neno moja: Sijui.

Mtandao wa kule ni wa kubahatisha, kwa hiyo njano ilitokea kila mara, na kila ilipotokea kazi ilisimama. Meneja akaja mpaka hapa nyumbani, akaketi kwenye kiti cha wateja wangu.

"Mama, mimi nimelipia ukurasa unaojua. Huu wako unajisifu kwa ujinga. Unaniogopeshea watu. Toa hiyo njano."

"Bosi, ukurasa ukinyamaza bila kusema umenyamaza, mtu atadhani—"

"Toa, au nitafute mwingine wa kuitoa."

Alibisha mpaka sauti ikamkauka. Shemeji mwenyewe ndiye aliyemmaliza. "Kunguru, mke wangu, usione jini kila kona. Akija huyo mwingine ataharibu kila kitu. Bora uwe wewe." Akaitoa. Siku aliyoitoa alilala bila kula.

Tangu hapo, saa za kulipua aliufungua ukurasa ule hapa mezani kwake na kuukodolea macho. Na kitu kingine, alikuwa na kadi ya majaribio yenye jina lake mwenyewe, aliyoitumia alipokuwa akiunda ile kazi, na aliweza kuiandikisha kuwa imeingia au imetoka shimoni akiwa kwenye kiti chake. Nikamkumbusha sheria yake ya kufuta vitu vya majaribio.

"Najua, dada. Hii naogopa kuifuta."

"Unaogopa nini?"

Akageukia skrini yake. Nikamcheka, nikaendelea na mishono yangu.

Siku yenyewe ilikuwa ya kawaida tu. Tumeshakula, mke wa mlinzi wa geti la machimbo amekuja kupimwa gauni, nimemchomeka pini kiunoni kote. Kunguru yuko kwenye skrini yake. Sifuri, kijani, saa ndogo ya pembeni inahesabu sekunde zake vizuri. Yule mama akawa anapiga soga.

"Mume wangu leo kachoka na lile geti. Kile kidude cha kusomea kadi kimezima taa tangu walipopanda kula. Anawapitisha kwa macho tu."

Mdogo wangu akageuka. Sijawahi kuona uso ukipauka vile.

"Anawapitisha kwenda wapi?"

"Si shimoni? Kuna aliyerudi huko."

Kunguru akanyakua simu ya yule mama bila hata kuomba, akapiga, akaweka sauti juu. Mlinzi akapokea.

"Nani yuko shimoni?"

"Ah, kumbe ni wewe, shemeji! Yuko mumeo. Ameshuka kuisogeza mashine isipigwe na mawe. Nilijua wanamwona kwenye—"

"Hawamwoni! Kidude kimekufa, ukurasa umebaki na sifuri ya saa ile mlipopanda! Kimbia kwa fundi baruti!"

"Shemeji, na goti langu hili?"

"Kimbia!"

Fundi baruti hakuwa na simu. Wote simu zao huziacha getini, ni sheria ya baruti. Tukamsikia mlinzi akihema na kokoto zikilia chini ya viatu vyake. Mara, kupitia ile simu, nikasikia king'ora.

Mama wee. Pale machimboni kinalia mara tatu. Cha kwanza, kimya. Cha pili, kimya. Cha tatu ndio basi. Anayekisikia anakimbia, lakini shemeji alikuwa juu ya mashine inayounguruma na masikio ameyaziba. Hicho kilikuwa cha kwanza.

"Irudishe ile njano!" nikapiga kelele. "Si umeiandika wewe?"

"Haitafika! Ukurasa wa fundi baruti ulifunguliwa asubuhi, unafuata maagizo ya asubuhi. Nikiandika mapya hautayaona mpaka aufungue upya. Naye ataufungua upya kwa nini, wakati unamwonyesha kijani?"

"Sasa unasikia nini huo ukurasa wake?"

"Namba tu. Unasikia nani ameingia, nani ametoka, basi."

Akaangalia mikono yake kama ya mtu mwingine. Halafu akaanza kuandika, akakosea, akafuta, akaandika tena, machozi yanadondokea vitufe. Kwenye skrini mbele yangu ile sifuri ikaruka ikawa moja. Kijani kikaondoka, nyekundu ikajaa ukurasa mzima, na chini ya namba nikalisoma jina la mdogo wangu, lake na la baba yetu. Alikuwa amejiingiza shimoni.

King'ora kikalia cha pili.

"Ameona?" nikamuuliza. "Kunguru, ameona?"

"Wangu umebadilika."

"Na wake?"

"Sijui." Akalirudia, kwa sauti ndogo kabisa. "Sijui, dada. Sijui."

Yule mama alikuwa amenishika mkono na pini zikimchoma na hakuna aliyejali. Niliogopa. Mimi ninayewacheka waoga nilitamani kulishika gauni la mtu. Kwenye simu kulikuwa na pumzi za mlinzi tu na kokoto, pumzi na kokoto. Nilingoja cha tatu kwa mwili mzima. Kunguru hakuziba masikio. Alikuwa ameukazia macho ukurasa wake na kiganja kimoja juu ya skrini, juu ya lile jina, na midomo inacheza.

Cha tatu hakikulia.

Kisha sauti ya mlinzi, imekatika vipande vipande: "Shemeji... fundi baruti ametoka kibandani... anashuka mbio shimoni... shemeji, anakuita wewe! Anapiga kelele jina lako!"

Mdogo wangu akateleza kutoka kwenye kiti mpaka sakafuni, akakaa hapo miguu imenyooka.

Shemeji alitusimulia yaliyotokea upande wake. Yuko juu ya mashine, akamwona mzee wa baruti anateremka njia ya magari, kofia imeanguka, mikono hewani, mdomo wazi. Akazima injini, akazibua masikio, akasikia mzee analiita jina la mkewe. Akadhani Kunguru amekufa nyumbani. Aliruka chini akakimbia kupanda aende nyumbani, mzee nyuma yake akidhani anajua alipo, na hivyo wakatoka wote wawili, kila mmoja anamuuliza mwenzake, "Yuko wapi? Yuko wapi?"

Alifika nyumbani na vumbi lake lote, hata hakunawa. Akasimama mlangoni akamwangalia mkewe.

"Nani alikutuma uingie shimoni?"

"Nilikufuata wewe," akasema Kunguru.

Mwanamume yule mkubwa akaketi kwenye kizingiti, akalia.

Njano ilirudi. Meneja hakuombwa ruhusa wala hakuuliza. Fundi baruti alimwambia kwamba bila neno Sijui yeye haligusi tena sanduku la kulipulia, amtafute jasiri mwingine. Na filimbi yake ameifufua. Anauzunguka ukingo wote kwa miguu, jua kichwani, anaita. Wahenga walishasema, kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio, nami siku hizi simcheki mtu.

Ile kadi ya majaribio haijafutwa. Alitaka kuifuta, machimbo yote yakamkatalia. Kabla ya kulipua, hata namba ikiwa sifuri, hata kijani kikiwaka, mzee wa baruti husimama ukingoni akamwita mlinzi wa geti kwa sauti ya juu:

"Kunguru ametoka?"

Na mpaka mlinzi aangalie shimoni kwa macho yake mwenyewe na kujibu, "Ametoka," hakuna anayegusa kitu.