Kuni Nilizookota Mlimani

Jamani, mnicheke taratibu. Mimi na uzee wangu nilijitolea kutengeneza njia ya wapanda mlima kwetu Kongwa. Kiongozi wetu, Lameck Chilongani, alinipa kazi ya kutoa mawe. Vijana wawili, Sechelela na Ndahani, wakaziba njia ya zamani kwa matawi makavu, wageni wa kwanza wasije wakapotea. Mimi sikuambiwa.

Jioni nikayakuta matawi yamelala njiani. Mgogo gani anashuka mlimani mikono mitupu? Nikajitwika yote, najisifu kwamba vijana wameniachia uchafu nami nimeumaliza.

Kesho yake nikawa nyumbani nawapikia wageni ugali na mlenda. Mara mbuzi wakapiga kelele. Kutazama, wageni wote wanatokea zizini kwangu, inakoishia ile njia ya zamani, viatu vimejaa samadi, Lameck mbele.

“Shikamoo, bibi. Kuna mtu katuondolea matawi kule juu, tumepotea.”

“Marahaba, baba. Watu wa siku hizi hawana adabu kabisa,” nikasema, huku nasukumia ukuni mafigani.

Lameck akachuchumaa, akautazama ule ukuni.

“Bibi, kitambaa hiki chekundu nilikifunga mimi kule juu.”