Maharage ya Mama Yao

Kwa miaka thelathini na mmoja Mama Upawa aliwapikia wanafunzi maharage, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumsifu. Jina lenyewe walimpa wao, kwa sababu ya ule upawa mrefu aliopakulia nao na kutishia nao. Walisema maharage yake yana ladha ya sabuni. Hawakumsingizia. Mpishi mwenye sufuria ya watu mia nne na kengele ya saa saba hana muda wa kuyabembeleza maharage. Anatupia magadi yaive upesi, mambo yanaisha.

Alipostaafu alihamia kwa kaka yake, fundi saa, mjane, ambaye kumbukumbu zilikuwa zimeanza kumtoka. Jina la mtaa lilimtoka kwanza, kisha majina ya wanawe walioko mbali, kisha kazi ya vile vidude vidogo alivyovishika maisha yake yote. Kilichobaki ni hamu ya maharage ya marehemu mama yao. Aliyaulizia kila siku, kama mtu aliyeahidiwa.

"Nitakupikia, kaka," alisema dada mtu. "Kwani kazi yangu mimi ni ipi?"

Siku ya kwanza alipika alivyozoea, magadi na yote. Kaka akaonja kijiko kimoja, akaisukuma sahani kwa adabu.

"Haya ya sabuni. Ya mama siyo haya."

Mama Upawa alicheka, lakini alipojaribu kuikumbuka ladha ya mama yake hakuipata. Alitafuta na kutafuta, mdomoni mkaja shule tu. Miaka yote ile ya kuonja sufuria moja ilikuwa imefuta nyingine. Aliona aibu, kisha akaogopa. Ladha ya mama ilibaki kwenye kichwa kimoja tu, nacho ndicho hicho kilichokuwa kinavuja.

Akaanza kuhangaika. Aliyaloweka tangu jana yake, akayaweka kwenye mkaa kutwa nzima. Alikaanga kitunguu mpaka kikawa cha kahawia. Akatia tangawizi, akaondoa tangawizi.

"Mama alikuwa anatia nini, kaka?"

"Anatia kile." Akasugua vidole hewani kama anayenyunyiza. "Si unakijua."

"Sikijui."

"Basi kamuulize mwenyewe, yupo jikoni."

Kila siku jibu lilikuwa lile lile, siyo haya, na mpishi mzee akajikuta anaanza kulipenda. Maadamu kaka anakataa, mama bado yumo. Siku moja kaka alitafuna taratibu, akasema, "Hapa umekaribia." Dada mtu alikwenda jikoni akalia kwa furaha, akaandika nyuma ya kalenda kila alichotia siku hiyo.

Wiki iliyofuata kaka alitoka asubuhi bila viatu, akapotea. Majirani walimrudisha saa sita mchana akiwa hoi kwa njaa. Mama Upawa, aliyezunguka mitaa yote akiuliza, miguu ikiwaka moto, hakuwa na nguvu za mkaa wala za kitunguu. Akateleka sufuria, akatupia magadi. Alimwekea sahani huku akiona haya, akasubiri isukumwe.

Haikusukumwa. Kaka alikula kijiko cha kwanza, akafumba macho, akala cha pili. Machozi yalimtiririka akiwa anatafuna.

"Haya ndiyo yenyewe," alisema. "Ya mama haya."

Dada mtu akachovya kidole kwenye sufuria, akaonja. Sabuni tupu. Alitamani ampokonye ile sahani, amlazimishe akatae kama alivyokataa siku ya kwanza.

"Kaka, hebu onja vizuri. Haya ni ya shule."

"Nimeonja. Ya mama."

Aliitazama kalenda ukutani, akayakumbuka yale maandishi yaliyokuwa nyuma yake. Hapakuwa na mtu mwingine duniani wa kumwambia umekaribia, wala wa kumwambia siyo haya. Alihisi moyo umekauka, hata kulia hakuweza.

"Niongeze," alisema kaka, akinyoosha sahani.

Miaka thelathini na mmoja hakuna aliyewahi kumwambia neno hilo. Mama Upawa akachukua upawa, akamwongezea.