Usukani Usiorudi Katikati

Ndege ya ndugu yangu ilikaa juu ya kabati tangu tulipomzika. Nilivyojua, hakuna aliyeigusa, mpaka asubuhi moja Mama alipoweka kikombe chini akasema anataka kuiona ikiruka. Mara moja tu. Mama huongea nami kwa Kiborana, na hapa naandika maneno yake kwa Kiswahili kadiri niwezavyo. Alisema, "Macho yangu yanafunga. Nataka nione kile kitu alichokuwa anakikimbilia kila Jumapili, kabla hayajafunga kabisa."

Nilisema sawa, halafu nikaenda kazini.

Ndugu yangu alikuwa fundi wa simu pale mtaa wa Wabera. Simu alizotengeneza zilienda na wenyewe. Ndege peke yake ndiyo iliyobaki nyumbani kwetu, mtaa wa Chechelesi, ikiwa na alama za mikono yake. Aliikata kutoka kwa lile povu jeupe linalokuja na friji mpya, akaiwekea mota mbele na usukani kwenye mkia, na akawa anaiongoza kwa rimoti. Aliirusha pamoja na rafiki yake, Mturkana anayeendesha tuktuk, kwenye uwanda ulio kando ya njia ya Gotu. Mama hakwenda hata siku moja. Alikuwa akisema mtu mwenye ndevu hachezi na ndege, na ndugu yangu alikuwa akicheka na kwenda zake.

Mimi nauza maziwa ya ngamia. Shule niliiacha mapema, na mambo ya rimoti siyajui. Nilichojua ni kwamba ndege ile ikianguka mbele ya Mama, nitakuwa nimemzika ndugu yangu mara ya pili.

Nilimwita yule rafiki. Alikuja asubuhi, akavua viatu mlangoni.

"Habari ya asubuhi, Mama."

"Nzuri. Umekonda."

"Ni tuktuk inakula, Mama. Mimi naangalia tu."

Aliweka ndege mezani, akaunganisha betri, akasukuma kijiti cha rimoti kushoto. Usukani ukaenda kushoto. Akaachilia kijiti. Usukani ulirudi, lakini haukufika. Ulisimama kabla ya katikati, umeinama kiasi cha unene wa njiti ya kiberiti. Alibonyeza kitufe cha kurekebisha mpaka ukanyooka. Kisha akausukuma kulia na kuachilia, na sasa ukabaki umeinama kulia, tena zaidi.

"Hapo ndipo shida iko, dada," alisema. "Kama ingekuwa imepinda upande mmoja siku zote, hiki kitufe kingetosha. Lakini hii inabaki kule ilikotoka. Ukiitibu kushoto unaiharibu kulia."

"Na ikiruka hivyo?"

"Nikikata kona itaendelea kukata. Nitapigana nayo. Juu kuna nafasi ya kupigana. Chini hakuna."

Mama alikuwa amekaa karibu na mlango, na ingawa hakuelewa Kiswahili chote, aliacha kuzungusha tasbihi.

Ndani ya tumbo la ndege kuna kimota kidogo ambacho mafundi hukiita sevo. Kina mkono mweupe, na mkono huo husukuma waya mwembamba unaopita ndani ya mrija wa plastiki mpaka mkiani. Rafiki alichomoa waya kwenye ule mkono, akajaribu sevo peke yake. Kushoto, ikarudi katikati. Kulia, ikarudi katikati. Sevo ilikuwa nzima. Alifungua mkono, akausogeza jino moja kwenye kigurudumu cha meno unapokalia, akafunga tena na kurudisha waya. Kwa wakati huo jua lilikuwa limeshika mabati na sisi sote tulikuwa tunatokwa jasho. Alijaribu. Usukani ukarudi katikati, pande zote mbili.

"Ni ule mkono ulikuwa umekaa vibaya," alisema.

Nilitaka kuamini, kwa hiyo niliamini.

Miezi ile upepo huamka kabla ya adhuhuri na kupuliza vumbi mpaka jioni. Ndege nyepesi kama ile huwezi kuirusha isipokuwa asubuhi. Basi kesho yake tuliondoka baada ya swala ya alfajiri. Mama alijifunga mtandio wake wa Idi. Njiani alishika ndege mapajani kama mtu anayepeleka mtoto kliniki.

Uwandani hewa ilikuwa tulivu na ya baridi. Rafiki aliunganisha betri, akaenda nyuma ya mkia kuangalia. Kushoto, akaachilia. Usukani ukabaki kushoto. Akajaribu tena. Ukabaki.

"Mbona haipandi?" Mama aliuliza akiwa ndani ya tuktuk.

"Usukani una shida, Mama," nilisema.

"Jana si mlisema umepona?"

"Tulisema hivyo."

Rafiki alinivuta kando. "Pengine ikiwa hewani itajinyoosha. Upepo wa kwenda mbele husaidia kusukuma usukani."

"Pengine?"

"Pengine."

"Basi hapana."

Sikujua kama nilikuwa naokoa kitu au namnyima Mama. Tulirudi nyumbani, na mchana, nilipojaribu mwenyewe kama alivyonionyesha, usukani ulikuwa unarudi vizuri kabisa. Ikawa hivyo kila siku. Asubuhi mgonjwa, mchana umepona, na mchana ndio wakati ambao hatukuweza kuirusha. Rafiki alisema labda sevo haipendi baridi, aagize nyingine kutoka Nairobi. Mimi nilikuwa napimia wateja maziwa huku mawazo yangu yakiwa kwenye mkia wa ndege. Mwanamke mmoja aliniambia, "Dada, hiyo ni lita ngapi sasa? Ama leo unatugawia sadaka?" Maziwa yalikuwa yanamwagika nje ya chupa yake.

Nyumbani Mama naye alikuwa anamwaga. Alimimina chai kando ya kikombe, juu ya mkeka, na hakujua mpaka nilipomshika mkono. Baada ya hapo sikuweza kungoja kitu cha Nairobi.

Asubuhi iliyofuata, kabla ya kwenda kupokea maziwa, nilikaa na ndege mlangoni penye mwanga. Nilichomoa waya kwenye sevo na kwenye usukani, nikauvuta utoke ndani ya mrija. Ulikuja kwa shida. Vidoleni nilibaki na utelezi mzito wa rangi ya udongo. Niliunusa. Sikuhitaji kunusa mara mbili. Ilikuwa siagi, siagi yetu yenye harufu ya kibuyu kilichofukizwa moshi, imechanganyika na vumbi.

Kopo la siagi limekuwa jikoni kwetu maisha yangu yote. Asubuhi siagi ni ngumu, unachota kwa ncha ya kijiko. Mchana ni kama mafuta. Nimeshika maziwa na siagi tangu utoto, lakini nani angefikiria kuitafuta ndani ya ndege?

Aliyeipaka nilimjua. Kwetu mtu akibarikiwa hupakwa siagi kichwani, na wazee kama Mama bado hufanya hivyo.

Rafiki alipopita na tuktuk nilimwonyesha vidole vyangu. Alicheka.

"Mmepaka ndege siagi? Si mngeinywesha na chai kabisa?" Halafu aliniangalia, akaacha kucheka. "Ni Mama?"

"Ni Mama."

"Basi osha tu. Maji ya moto na sabuni. Petroli hapana, itakula povu. Mwambie tumebadilisha waya. Hakuna haja ya kumuumiza."

Alisema kwa wema, na ni jambo ambalo watu wengi wangefanya. Mimi siwezi. Nikisema uongo sauti yangu hupanda, na Mama, ambaye sasa haoni uso wangu vizuri, sauti anaisikia zaidi kuliko zamani. Niliingia ndani.

"Mama, wewe ulipaka ndege siagi?"

"Nilipaka." Hakusita. "Watu wa matanga walipotawanyika. Nilipaka mkia, kwa sababu aliwahi kuniambia mkia ndio unaoirudisha kwake."

"Imeingia ndani ya mrija. Asubuhi inaganda. Ndiyo maana usukani haurudi."

Niliona vidole vyake vikitafuta tasbihi na kuiacha.

"Kwa hiyo ni mimi."

"Ni siagi, Mama."

"Siagi iliyotoka mkononi mwangu." Kisha alisema lile ambalo nadhani alikuwa amelibeba tangu mazishi. "Na yeye nilimpaka kichwani, siku mliyompeleka hospitali. Ile nayo ilimfunga?"

"Hapana. Alikuwa mgonjwa wa figo. Daktari alituambia mimi na wewe."

"Una hakika?"

"Nina hakika. Kama ningekuwa nakudanganya, si ningekudanganya na hili la ndege?"

Niliogopa kwamba nimemwondolea mkono wake wa baraka, ambao ndio kitu alichokuwa amebaki nacho cha kumpa mtu, na kwamba sitaweza kuurudisha.

"Leta hapa hicho kitu," alisema. "Na maji ya moto."

Alikiosha mwenyewe. Nilichana kipande chembamba cha leso kuukuu, nikakifunga kwenye ncha ya waya, naye akakivuta ndani ya mrija, mara kwa mara, akiniuliza, "Rangi gani sasa?" Nikawa namwambia. Kahawia. Kahawia bado. Maziwa ya chai. Nyeupe. Kisha akafuta mkia wote, polepole, kama mtu anayepangusa uso.

Rafiki aliingia, na tulipofunga waya usukani ulikwenda na kurudi bila kusita. Rafiki alitaka kushangilia, lakini Mama alikuwa bado anapitisha kidole gumba mkiani, kutoka sehemu iliyosimama mpaka kwenye usukani.

"Hapa pana ngazi," alisema.

Rafiki aliinama. Ilikuwa kweli. Lile jino moja alilosogeza siku ya kwanza, wakati usukani ulikuwa unatudanganya, lilikuwa bado linaupinda kidogo. Alirudisha mkono wa sevo mahali pake, kisha akazungusha kiungo kidogo cha mwisho wa waya, Mama akiwa ameweka kidole. "Bado," Mama alisema. "Bado. Umepita. Rudi. Hapo."

Tulingoja asubuhi isiyo na upepo. Uwandani nilimwomba rafiki ajaribu usukani, kisha ajaribu tena, mpaka akasema, "Dada, utamaliza betri hapa chini." Kushoto, ukarudi. Kulia, ukarudi. Baridi ilikuwepo, na bado usukani ukarudi.

Alikimbia hatua chache akaitupa. Ilizama kuelekea nyasi na mimi nilifumba macho, kwa hiyo sikuona ilivyopanda. Nilipoyafumbua ilikuwa juu, imenyooka, inakwenda kuelekea milimani.

"Iko wapi?" Mama aliuliza. "Naisikia tu."

Nilisimama nyuma yake nikamgeuza mabega. "Pale, Mama. Juu ya ule mgunga."

"Sioni mgunga."

Rafiki alisikia. Alikata kona kubwa, ndege ikarudi ikishuka.

"Usishuke sana," nilimwambia.

"Mama alikuja kuona, si kusikia."

Ilipita mbele yetu chini kabisa, karibu kiasi kwamba niliona utepe mwekundu chini ya bawa. Kichwa cha Mama kiligeuka nayo, kimechelewa kidogo.

"Nyekundu," alisema.

Rangi ya utepe alikwisha kuniuliza wakati wa kuiosha ndege, kwa hiyo siwezi kuapa kwamba aliiona. Naandika tu kwamba kichwa kiligeuka, na kiligeuka tena ilipopita mara ya pili.

"Nishushe?" rafiki aliuliza.

"Acha kidogo," Mama alisema.

Rafiki alizungusha tena. Kisha akaniangalia mimi badala ya ndege, na nikaelewa kwamba betri inaisha.

"Mama, betri ikiisha itaanguka."

Ndege ilipita nyuma yetu, sauti ikafifia upande wa barabara, ikarudi.

"Basi ishusheni," alisema.

Ilikuja kwa upande wa jua. Iligusa nyasi, ikaruka, ikateleza kwa tumbo na kupotea nyuma ya kichaka. Rafiki alikimbia.

"Imevunjika?"

"Sijui bado, Mama. Ameenda kuangalia."

Tulingoja. Alitokea akiwa ameiinua juu ya kichwa kwa mikono miwili, akapaza sauti kwamba ni nzima. Mama aliachilia mkono wangu. Sikuwa nimejua ameushika kwa nguvu kiasi gani, mpaka damu iliporudi kwenye vidole.