Uso wa Cherotich na Chai ya Kwao

Mtu aliyekutana na Cherotich kwa mara ya kwanza aliiona barakoa kabla ya kumwona mwenyewe. Ilikuwa ya samawati, aina ile ya hospitalini, na aliivaa hata akiwa peke yake garini, madirisha yamefungwa, akitoka kazini Plano kurudi nyumbani Lewisville asubuhi huku jua la Texas likimchoma kisogoni. Watu wengine walikuwa wameshazitupa zao zamani. Yeye alikuwa na pakiti nzima garini, na kanisani aliishusha kidogo tu wakati wa kupokea mkate na divai, kisha akairudisha haraka kama mtu anayefunga mlango wa choo.

Nyuma ya barakoa hiyo kulikuwa na chunusi. Hazikuwa mbili tatu za kuja na kwenda. Zilishika mashavu, zikashuka hadi kwenye taya, na baadhi zilijificha chini ya ngozi, ngumu kama punje za mahindi, zikimuuma kila alipogeuka kulalia ubavu. Kila moja ilipokauka iliacha doa jeusi, na kabla doa halijafifia, nyingine ilikuwa imeshaota kando yake. Cherotich alikuwa na miaka thelathini na mitatu. Alipokuwa shuleni Kericho uso wake ulikuwa laini, na yeye ndiye aliyewafariji wenzake wenye chunusi kwa kuwaambia kwamba zitaisha wakiwa watu wazima. Sasa maneno hayo yalimrudia kila alipojitazama kwenye kioo.

Alikuwa muuguzi wa zamu ya usiku katika nyumba ya kutunzia wazee. Aliwageuza wagonjwa vitandani, aliwapima shinikizo la damu, aliwatuliza waliomwita kwa majina ya watoto wao. Asubuhi alirudi Lewisville, akavuta mapazia mazito, akalala usingizi wa vipande vipande huku mashine ya kukatia nyasi ikinguruma nje. Mwenzake yeyote akiugua, Cherotich ndiye aliyepigiwa simu kuziba pengo, na mara nyingi alikubali kwa sababu kukataa kulihitaji nguvu ambazo hakuwa nazo.

Angeweza kuishi na chunusi zake kama alivyoishi na maumivu ya mgongo. Lakini mama yake alikuwa anakuja.

Walikuwa hawajaonana ana kwa ana kwa miaka minane. Ubalozi ulimnyima mama viza mara mbili, na alipoipata hatimaye alipiga simu akilia. Angefika mwishoni mwa Agosti. Kwao, mtu aliyetoka mbali hutazamwa usoni kabla hajasalimiwa. Uso ukiwa umenawiri, watu hujua anakula, analala, na hakuna anayemtesa. Ukiwa umeharibika, hata akija na masanduku kumi, wanawake hunong'onezana kwamba huko aliko mambo si mazuri. Mama yake alichuma chai miaka yote ili kumsomesha, na pale kwenye kituo cha kununulia majani alikuwa amewaambia wenzake kwamba binti yake anaendelea vyema Amerika. Cherotich alitaka kitu kimoja tu: milango ya uwanja wa ndege ifunguke, mama amtazame, na neno lake la kwanza liwe, "Umenawiri."

Kwa sasa alikuwa anamficha uso wake. Wakipigiana simu ya video alizima taa, au akaielekeza simu kwenye dari.

"Mtandao ni mbaya, mama."

"Mtandao wa Amerika ndio mbaya," mama alijibu, "na wetu huku kijijini ndio mzuri?"

Alikuwa amejaribu mengi. Alijipaka mafuta ya nazi kila alipokwenda kulala, maana alilelewa kuamini kwamba ngozi kavu ni aibu. Alijisugua kwa dodoki mpaka ngozi ikawaka. Alinunua krimu isiyo na jina kutoka kwa mama mmoja anayeuza vitu nyumbani kwake mtaa wa Vickery Meadow, ikamchubua kwa wiki moja, na chunusi zikarudi zikiwa zimeongezeka. Mwishowe, mwezi wa Machi, alikwenda kwa daktari wa ngozi.

Daktari alimsikiliza bila haraka. Alimpa krimu ya kupaka kidogo kabla ya kulala, akamwambia aache dodoki na mafuta ya nazi, anawe kwa sabuni laini, abadilishe foronya mara kwa mara, na ajitahidi kupata usingizi. Kisha akamweleza kwamba kwa watu wengine, ingawa si wote, vyakula vinavyopandisha sukari mwilini kwa haraka huchochea chunusi, na maziwa pia.

"Unakunywa maziwa?" daktari aliuliza.

"Hapana," Cherotich alisema, na alikuwa anasema kweli kabisa. Tangu afike nchi hii hakuwahi kujimiminia glasi ya maziwa hata siku moja.

Akaacha soda. Akaacha donati zilizoletwa kazini na jamaa za wagonjwa, akaacha aiskrimu, chipsi na mkate mweupe. Akawa anabeba mboga na maharage ndani ya kopo la plastiki. Aprili ikapita. Uso ukabaki vilevile, na sasa alikuwa na njaa pia.

Asubuhi moja ya Mei alimkuta Kidawa jikoni. Kidawa alikuwa Mtanzania, mtoto wa Tanga, anafanya kazi katika ofisi ya bima, na walikuwa wamepanga pamoja nyumba ile ya vyumba viwili. Siku hiyo alikuwa mapumzikoni. Alikaa mezani na simu yake huku Cherotich, bado amevaa sare ya kazi, amesimama mbele ya jiko akilinda sufuria.

"Shoga, mbona umenuna hivyo?"

"Nimechoka, Kidawa. Daktari alisema nivumilie, nimevumilia. Sukari nimeacha. Maziwa hata sinywi. Nakula majani kama mbuzi, na bado uso unachemka tu. Mama anakuja anikute hivi?"

Kidawa aliinua macho kutoka kwenye simu. Alikuwa anaitazama sufuria. Kilichokuwa ndani kilipanda kwa povu, Cherotich akapunguza moto, kikashuka, akakiacha kichemke tena. Kisha akachukua kopo la sukari na kumimina moja kwa moja, kwa kukadiria na mkono, kama mama yake alivyofanya.

"Hicho unachopika nini?" Kidawa aliuliza.

"Chai."

"Chai ya nini?"

"Kwani kuna chai ngapi? Chai!"

"Na hiyo nyeupe inayofurika ni maji ya mvua?"

Cherotich aligeuka akiwa na kopo mkononi. "Hayo ni ya chai."

"Na hiyo uliyoimwaga kama unapanda mahindi?"

"Ni ya chai pia, Kidawa. Daktari aliuliza kama nakunywa maziwa. Sasa hii ni maziwa?"

Kidawa alicheka mpaka akalaza kichwa mezani. "Jamani, nyie Wakenya! Mtu kutwa yuko na chupa ya chai kama mtoto na nyonyo, halafu maziwa hanywi! Basi iambie ngozi yako, mwenzangu, maana naona haijapata habari."

Cherotich hakucheka. Alivuta kiti, akakaa. Thamosi yake kubwa ilikuwa pale mezani, tupu, aliyokwenda nayo kazini jana jioni ikiwa imejaa. Ndani yake kulikuwa na kikombe cha kuanzia zamu, cha kufungua macho, cha kumpa nguvu ya kuwaogesha wazee, na cha kuagana na wenzake asubuhi. Akifika nyumbani alipika tena, hiki cha kulalia. Nusu yake ilikuwa maziwa, na sukari hakuwahi kuipima. Kwao hata mtu aliyefunga na kuomba aliweza kunywa chai, na hakuna aliyesema amekula. Chai haikuwa chakula. Haikuwa hata kinywaji. Ilikuwa kitu kinachokuwapo tu, kama maji ya kunawa.

"Na usicheke," alisema hatimaye. "Wewe umezaliwa karibu na bahari, si karibu na ng'ombe."

"Nawe umeitwa Cherotich kwa sababu ng'ombe walikuwa wanarudi zizini, sivyo ulivyoniambia? Nakuonea huruma. Unaachaje?"

Cherotich aliepua sufuria, akachuja, akajimiminia kikombe. "Hiki namalizia," alisema. "Kumwaga siwezi." Akakinywa chote, polepole, macho ameyafumba.

Alimwandikia daktari ujumbe kuhusu chai, na daktari akajibu kwamba inafaa kujaribu kuacha maziwa na sukari yake. Hakumwahidi kitu. Alisema ngozi huchukua miezi, na kwamba asiache krimu.

Kuanzia hapo ikawa chai ya rangi, yenye tangawizi, bila sukari. Wiki ya kwanza ilikuwa kama kusalimiwa na mtu asiyekupa mkono. Zamu zilirefuka. Alitembea kwenye korido akihisi kuna kitu amekisahau mahali. Alikataa pia zamu za kuziba pengo, na siku hizo alilala mpaka mapazia yakawa meusi yenyewe.

Kigumu zaidi kilikuwa nyumbani kwa watu. Jumapili moja ya Juni, baada ya ibada, wanawake wa Kikenya walikutana kwa Immaculate kupanga namna ya kumpokea mama. Immaculate, ambaye wote walimwita Mama Sheldon, ndiye aliyempokea Cherotich alipofika Texas akiwa na sanduku moja na koti lisilofaa. Alileta chai ndani ya birika kubwa, nzito, yenye rangi ya udongo mwekundu, na mandazi ya moto.

"Mimi nitakunywa maji, Mama Sheldon."

Wanawake wote waligeuka kumtazama.

"Maji?" Immaculate alibaki ameinamisha birika. "Hebu rudia."

"Maji tu. Asante."

"Uko na mimba?"

Wanawake waliangua kicheko. Cherotich alitikisa kichwa.

"Basi chai yangu siku hizi imeharibika. Ama umeanza kuogopa watu? Useme tu, tujue."

Kulikuwa na uongo mwingi ambao angeweza kutoa. Tumbo linauma. Nimetoka kunywa sasa hivi. Lakini alikuwa ametoka kazini asubuhi ile na kwenda kanisani bila kulala, na uongo nao unahitaji nguvu. Akashika barakoa kwa vidole viwili, akaivua, akaiweka mapajani.

"Ni hii ngozi," alisema. "Daktari anafikiri huenda maziwa na sukari vinaichokoza. Sitaki mama anikute hivi."

Hakuna aliyecheka. Immaculate aliweka birika chini.

"Wewe msichana," alisema, "miaka yote hii nilidhani unaogopa korona." Kisha akaenda jikoni, na wakasikia maji yakimiminwa kwenye sufuria nyingine. Alirudi na kikombe cha chai ya rangi, akakisukuma mbele ya Cherotich kwa nguvu kidogo. "Kwangu maji hupewa watu wa kusoma mita. Kunywa."

Kufikia Julai vile vinundu vigumu vya taya vilianza kulainika. Huenda ilikuwa krimu, huenda usingizi, huenda ni kweli ilikuwa maziwa. Cherotich hakujua na hakuwa na nguvu ya kuchunguza. Madoa yalibaki. Chunusi mpya zilikuja, ila moja moja. Wiki alizolazimika kufanya kazi mfululizo, uso ulimsuta kabla ya mwili kuchoka.

Wiki mbili kabla ya safari mama alipiga simu ya video. "Nimekufungia majani," alisema kwa furaha. "Ya shamba letu, si ya dukani. Nikifika sitaki uguse jiko. Nitakupikia chai nzito, unywe mpaka ulale."

Cherotich alitazama dari. "Mama, siku hizi sinywi ya maziwa. Daktari amenikataza."

Mama alisikika akivuta kiti.

"Unaumwa nini?"

"Si ugonjwa wa kuogopa. Utaona ukija."

"Utaona ukija," mama alirudia. "Miaka miwili unanionyesha dari, halafu unaniambia utaona ukija. Cherotich, nimewaza mambo ambayo siwezi hata kuyataja."

Ndipo alipofahamu kwamba mama hakuwa akikaa kule akiwaza binti aliyenawiri. Alikuwa akiwaza mabaya kuliko chunusi. Cherotich akaenda dirishani, akavuta pazia, mwanga wa mchana ukaingia wote, na akaishika simu mbele ya uso wake. Lakini simu ya mama ilikuwa imeishiwa chaji, na kwenye skrini aliuona uso wake mwenyewe tu. Muda mfupi baadaye ulifika ujumbe, ulioandikwa na jirani kwa niaba ya mama: majani ataleta, kwa sababu alimsomesha kwa majani, hakumsomesha kwa maziwa.

Siku ya siku, Kidawa ndiye aliyeendesha gari. Cherotich alikuwa amelala usiku mzima, jambo ambalo hakukumbuka lini alilifanya mara ya mwisho, na bado alikuwa amechoka, uchovu ule wa ndani ambao usingizi mmoja haufui. Alinawa, akapaka krimu ya kuzuia jua, akabeba thamosi ya chai ya rangi. Kidevuni kulikuwa na chunusi mpya, nyekundu, iliyoota jana bila kualikwa.

Walisimama kwenye ukumbi wa wanaowasili, kati ya watu wenye maua na baluni. Ubao ulionyesha kwamba ndege imeshatua. Barakoa ilikuwa bado usoni.

"Vua, shoga," Kidawa alisema kwa sauti ya chini. "Atapitiliza asikujue."

"Nitavua akitokea."

"Utavua sasa hivi, au nikuvue mimi mbele za watu?"

Cherotich aliivua. Hewa baridi ya ukumbi iligusa mashavu yake, madoa na yote. Aliikunja barakoa, akaitia kwenye pipa la taka karibu na nguzo, akarudi mahali pake mbele kabisa, pasipo na mtu wa kumkinga.

Milango ikafunguka. Akatoka kijana mwenye gitaa, kisha familia yenye watoto wanaolia, kisha mzee akisukumwa kwenye kiti cha magurudumu. Ikafungwa. Cherotich alikumbatia thamosi kifuani na kuinua uso wake juu, pale mwanga ulipokuwa mwingi. Milango ikaanza kufunguka tena.