Nilishindwa Ubishi wa Kapteni Kitana, Nikamtaja Mtu Aliyejificha

Nimekosa. Nalisema mapema ili usije ukanihurumia bure. Wengi wa rika langu husema utawala ule ndio uliowala watu, na kweli uliwala. Lakini mtu ninayetaka kukueleza habari zake hakuliwa na utawala peke yake. Aliliwa na mdomo wangu huu, ninaounywea chai mpaka leo!

Juzi hapa nyumbani Ntinda wajukuu zangu walikuwa wanabishana juu ya tamthilia yao ya anga za mbali. Mmoja anamlilia kapteni wa zamani, mwingine anasema kapteni mpya ndiye kiboko. Wakapandishiana sauti, mpaka mmoja akamwambia mwenzake, "Endelea tu, nami nitasema ile siri yako." Niliinuka nikazima televisheni na kuwafokea hadi mate yakanitoka. Walidhani bibi yao amechanganyikiwa.

Sijachanganyikiwa. Nina hasira, na sijui niipeleke wapi, basi naiweka hapa.

Miaka ile ya wanajeshi mume wangu alikuwa konstebo, tukikaa katika nyumba za polisi Nsambya. Kulikuwa na ukumbi wa kantini wenye televisheni moja, ya picha nyeusi na nyeupe, na juu yake picha ya mkubwa wa nchi akitutazama sote. Kila Jumamosi saa moja jioni ilikuja tamthilia ya Kiingereza ya chombo kinachofanya doria kati ya nyota. Sisi tuliiita Doria. Ilikuwa imeonyeshwa miaka na miaka, na polisi waliipenda kama vile waliandikiwa wao.

Tatizo lilikuwa Kiingereza. Wake wengi wa askari walitoka kaskazini, na lugha iliyotuunganisha ilikuwa Kiswahili chetu cha kambini. Mimi nilisomeshwa na masista, nikakijua Kiingereza. Kwa hiyo nilisimama kando ya televisheni nikitafsiri kwa sauti, kila neno, kila mlipuko. Waliniita Mama Redio. Mke wa mkubwa wa kituo alikuwa ananiachia kiti chake! Jamani, niliringa. Wiki nzima nilikuwa mke wa konstebo anayepanga foleni ya sukari, lakini Jumamosi jioni ukumbi mzima ulinitazama mdomo.

Sasa, Doria ilikuwa na kapteni mzee aliyechechemea. Tulimwita Mzee Mguu. Nilimpenda yule mzee kuliko baadhi ya ndugu zangu. Kisha siku moja, bila hata kutuaga vizuri, wakasema amestaafu, wakatuletea kijana ambaye nywele zake hazikuvurugika hata chombo kikiwaka moto. Huyo tukamwita Kitana.

Nilimchukia Kitana tangu alipoketi kwenye kiti cha mzee. Na kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa natafsiri, nilimkomoa. Akisema maneno ya busara, nilifupisha. Akinyamaza kufikiri, niliwaambia watu, "Hapo anaogopa." Ukumbi uligawanyika, wengine Mguu, wengine Kitana, na mimi nikiwa mwamuzi na mchezaji hapo hapo.

Mpinzani wangu mkubwa alikuwa rafiki yangu mkubwa. Mama Safi alikuwa Mkongo, aliuza maandazi pale kantini, na alitembea kutoka Kamwokya na beseni lake kichwani kila Jumamosi. Alikuwa na tabia moja iliyonishangaza. Kipindi kikiisha hakuondoka. Alinifuata nyuma nirudie yote: nani alisema nini, nani alisimama wapi, mlango ulikuwa upande gani. Alikuwa akitikisa midomo kimya kimya kama mtoto anayekariri katekisimu.

"Mama Safi, unaenda kufanya mtihani?" nilimtania.

Siku hiyo alibeba beseni lake akaenda zake. Ila siku moja alinichukua hadi kwake Kamwokya. Chumba cha mbele kilikuwa cha kukaangia, na chumba cha nyuma kilijaa magunia ya maharagwe hadi darini. Akasogeza gunia moja. Nyuma yake alikaa mumewe.

Baba Safi alikuwa askari wa jeshi, mtu wa kaskazini. Wenzake wa nyumbani kwao walipoanza kuitwa mmoja mmoja na kutorudi, yeye hakungoja zamu yake. Watu wote waliambiwa yuko Nairobi anatafuta kazi. Kumbe yuko pale, anapumua vumbi la maharagwe, na furaha yake pekee katika wiki ni kumsikiliza mkewe Jumamosi akimsimulia Doria.

Nilipoingia alinong'ona kama mtu aliyeniona jana. "Mama Redio, wewe naonea Kitana."

"Mimi?"

"Wewe! Kila Jumamosi yeye naokoa chombo. Namna gani mtu mwoga naokoa chombo kila Jumamosi?"

Tukabishana kwa minong'ono. Nilipomwambia Kitana anaenda vitani akiwa amepaka mafuta ya nywele, alicheka, na alipocheka alijiziba uso kwa shati lililokunjwa ili majirani wasisikie. Shati lile lilikuwa limewekwa tayari kwa kazi hiyo. Mama Safi alimtazama akicheka na macho yakamjaa machozi. Akaniambia mlangoni, "Miye na weye tu, mama. Hakuna mutu mwingine anajua." Nikaapa.

Nikaapa! Kwa jina la Bikira Maria niliapa!

Ikaja Jumamosi yenyewe. Moto ulizuka katika chumba cha injini, watu watatu wako ndani, na Kitana akaamuru mlango ufungwe. Chombo kikapona, wale watatu wakafa. Kipindi kilipoisha nilipanda juu ya benchi. "Mnaona? Muuaji! Mzee Mguu angeingia mwenyewe!"

Mama Safi akaweka beseni chini. "Mama Redio, ngoja. Si weye ulitusemea Mzee Mguu alifunga mlango siku moshi ilijaa kwa chombo? Batu bawili bakabaki ndani?"

Nikaanza kushuka kwenye benchi.

"Ulilia siku ile. Ulisema ni shujaa. Sasa Kitana anafunga mlango, ni muuaji?"

Ukumbi ulilipuka. Walicheka, wakapiga meza, wakanipigia miluzi. Mume wangu alicheka mpaka akashika tumbo. Aliyecheka kuliko wote alikuwa kijana mmoja wa usalama aliyevaa shati la maua na viatu vya soli ndefu. Tulimwita Bwana Soli. Hakuna aliyejua cheo chake, na hakuna aliyeuliza. Naye alikuwa shabiki wa Kitana, kiti chake kilikuwa cha mbele kabisa, na hakukosa Jumamosi hata moja.

"Na kila Jumamosi yeye naokoa chombo," Mama Safi akaongeza, akifurahia ushindi wake. "Namna gani ni mwoga?"

Nililitambua neno lile. Lilikuwa la mumewe, vilevile alivyolinong'ona. Nilihisi kama watu wawili wamekula njama kunivua nguo mbele ya ukumbi wangu. Damu ikanipanda kichwani.

"Nyamaza wewe!" nikapayuka. "Hiyo maneno si yako! Hiyo maneno ya bwana yako! Kama yeye mwanaume, atoke kule nyuma ya magunia, akuje aseme hapa mwenyewe!"

Kicheko kikakatika. Ungesikia mafuta ya kukaangia yakichemka jikoni.

Bwana Soli akageuka taratibu, bado anatabasamu. "Bwana gani? Si nasikia bwana yake iko Nairobi?"

Mama Safi alicheka. Sijui alikitoa wapi kicheko kile. "Iko Nairobi, afande. Huyu mama ameshindwa, anatafuta maneno."

"Kale, sawa," akasema Bwana Soli. Akanunua maandazi, akalipa, akatoka.

Nyumbani mume wangu hakunipiga. Afadhali angenipiga! Aliketi kitandani akavua buti moja, akaisahau ya pili. "Umeua mtu," akasema. "Na usiende Kamwokya kuomba msamaha. Sasa hivi wewe nafuatwa. Utaonyesha wao njia." Nikakaa ndani, nikijidanganya kwamba pengine yule kijana amesahau, pengine ana kazi nyingine.

Jumamosi iliyofuata Mama Safi alikuja kama kawaida, na beseni lake. Angekosa kuja siku hiyo, angekuwa amejibu swali la Bwana Soli. Baadaye nilikuja kujua kwamba walikuwa wamepata lori la samaki la Mkongo mwenzake Mama Safi, nalo lingempitisha Baba Safi mpakani kesho yake. Walihitaji jioni moja tu. Mama Safi alikaa mahali pake, akanisalimia kwa heshima zote, nami nikaitikia.

Doria ikaanza, na nikaona kiti cha Bwana Soli kiko kitupu.

Hapa ndipo ninapojichukia zaidi, kuliko hata pale nilipopayuka. Kupayuka kulikuwa hasira, mtu hawezi kuurudisha mdomo ukishafunguka. Lakini kiti kile nilikitazama. Nilielewa. Mama Safi alikuwa amekipa mgongo, hakukiona. Nilihitaji kumwambia neno moja, "Nyumbani!" Angekimbia, huenda angechelewa, huenda wangekamatwa wote wawili, sijui. Sikusema. Niliogopa, ndiyo, kila mtu aliogopa miaka ile. Lakini si woga tu! Kipindi kilikuwa kitamu, watu wamenikodolea macho, wamenisamehe kushindwa kwangu, na mimi nikaendelea kutafsiri. Shenzi kabisa mimi! Nilitafsiri mpaka mwisho, kwa sauti nzuri.

Mama Safi aliondoka akitikisa midomo, anakariri. Akafika Kamwokya akakuta mlango uko chini na maharagwe yamemwagika hadi barabarani. Majirani walikuwa wamejifungia. Hakuna aliyeona kitu. Shati lililokunjwa lilikuwa bado sakafuni.

Unataka kujua Bwana Soli alifanya nini? Jumamosi nyingine alirudi! Akaketi kwenye kiti chake, akanyoosha miguu, akaniita. "Mama Redio, ile juma ingine mimi likuwa kazi. Kitana lifanya nini?"

Nami nilimweleza. Nilisimama mbele ya mtu yule, nikamsimulia kipindi alichokikosa kwa sababu alikuwa kwenye kazi ile, na alipocheka nami nikacheka. Mpaka leo nikikumbuka kicheko changu natamani kujitapikia.

Mama Safi hakukanyaga tena kantini. Alizunguka vituo na kambi akiulizia, akafukuzwa kote. Kisha Jumatatu moja asubuhi nikasikia hodi. Ni yeye. Nikaanguka magotini, nikaanza, "Mama Safi, dada yangu..." Hakunitazama. Akasema tu, "Nisemee ya juzi."

"Nini?"

"Doria ya juzi. Akirudi ataniuliza."

Nikamsimulia. Nani alisema nini, nani alisimama wapi, mlango ulikuwa upande gani. Mara ya kwanza tangu aje kapteni yule nilimtafsiri Kitana bila kumwibia hata neno. Kumbe alikuwa mtu wa maana. Mama Safi alisikiliza amesimama kizingitini, akitikisa midomo, na nilipomaliza akaenda zake. Alikataa chai. Alikataa kiti. Akawa anakuja kila Jumatatu namna hiyo, mvua na jua, hakuniambia neno lingine lolote. Nilitamani anitukane. Nilitamani anitemee mate!

Baadaye wakaacha kuonyesha Doria. Walisema filamu za nje haziji tena. Jumamosi hiyo tulikaa tukingoja, ikaanza hotuba, tukapiga makofi kama ilivyotakiwa, hotuba ikaendelea mpaka tukaenda kulala. Chombo kiliachwa huko angani na Kitana wake, katikati ya vita.

Jumatatu Mama Safi akaja.

"Imekwisha," nikamwambia. "Hawaonyeshi tena."

"Mwisho wake?"

"Haina mwisho. Wao nakata tu."

Ndipo aliponitazama usoni, mara ya kwanza tangu siku ile. Hakuwa na hasira. Alikuwa kama mtu aliyepotelewa na ufunguo mlangoni kwake.

"Sasa nitamusemea nini?" akauliza.

Akageuka akaenda, na sikumwona tena. Wengine walisema alirudi Kongo. Baba Safi hakurudi, hajarudi, na mimi na wewe tunajua hatarudi.

Haya, ninyi mnaobishana leo juu ya makapteni wenu na nyota zenu, bishaneni. Ni raha, naijua raha yake. Lakini rafiki yako akikushinda mbele za watu, shindwa! Funga mdomo, keti chini, wacha wakucheke mpaka wachoke. Usiende kutafuta siri yake ili umnyamazishe nayo, hata kama unadhani utawala wa leo si ule. Mimi ningechekwa jioni moja tu, na kesho yake ningeamka mzima. Naye Baba Safi, juma moja baadaye, angekuwa kwenye lori la samaki, anaelekea mpakani, bado anamtetea Kitana.